Kitabu kinasema seli ya mmea ina kloroplasti. Mbona seli za kitunguu hazina?

Mwalimu wa Mazoezi, Kasese

Walimu na wataalamu wa jukwaa hili, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu mwanafunzi, na muhula huu nimo katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya sekondari hapa wilayani Kasese, ambako nimekabidhiwa biolojia ya kidato cha kwanza. Wiki iliyopita nilifundisha sehemu za seli kama nilivyofundishwa mwenyewe. Nilichora ubaoni seli ya mnyama yenye umbo la duara na seli ya mmea yenye umbo la mstatili, nikaeleza kwamba zote mbili zina utando, sitoplazimu (uteute unaoijaza seli), kiini na mitokondria (zinazoipa seli nishati), kisha nikaongeza kwamba seli ya mmea ina ukuta, vakuoli kubwa (mfuko wa maji ndani ya seli) na kloroplasti (vichembe vya kijani). Wanafunzi wakanakili, nami nikaamini kwamba somo limekwisha.

Alhamisi tulitoa kabatini hadubini mbili za shule. Tulibandua ile ngozi laini iliyo kati ya maganda ya kitunguu, tukaitandaza juu ya slaidi, tukaidondoshea iodini, na wanafunzi wakapanga foleni kuangalia mmoja mmoja. Msichana mmoja alikaa kwenye lenzi kwa muda mrefu kuliko wenzake, kisha akainua kichwa na kuniuliza, "Mwalimu, kijani kiko wapi?" Nilimjibu kwamba huenda iodini imeifunika rangi hiyo. Baadaye, wanafunzi walipokwisha kuondoka, niliweka kipande kingine katika maji matupu na sikuona hata chembe moja ya kijani, nikafahamu kwamba nimempa mtoto jibu lisilo la kweli.

Mwenzake aliuliza kwa nini haoni mitokondria. Wa tatu, ambaye mdogo wake anaugua selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, alisema alisikia hospitalini kwamba seli nyekundu za damu hazina kiini, akataka kujua kama hizo ni seli kweli, ilhali ubaoni bado yalikuwapo maandishi yangu kwamba kila seli ina kiini. Jumatatu nitasimama tena mbele yao, na ningependa nisimame nikiwa na majibu yaliyo sahihi. Naomba msaada wenu.

Mdau wa Jinja

Pole kwa kazi, Mwalimu. Ushauri wangu ni kwamba usiwachanganye watoto wa kidato cha kwanza. Mtihani utawauliza mchoro wa seli ya mmea na mchoro wa seli ya mnyama, na atakayeacha kloroplasti atapoteza alama. Kuhusu seli nyekundu, nijuavyo mimi, seli isiyo na kiini ni seli iliyokwisha kufa, kwa hiyo unaweza kuwaambia kwamba damu husafirisha mabaki ya seli tu. Hayo mengine watayakuta kidato cha tano.

Mwalimu wa Gulu

Mwalimu wa Kasese, swali la huyo msichana ni zuri kuliko maswali mengi ya vitabuni, na naomba umwambie hivyo mbele ya darasa zima.

Mchoro ulio kitabuni hauonyeshi seli yoyote iliyopo duniani. Mchoraji amekusanya sehemu zote zinazoweza kupatikana katika seli za mimea, akazipanga ndani ya mstatili mmoja ili mwanafunzi ajifunze majina yake kwa wakati mmoja. Mmea wenyewe haujengwi hivyo. Kila seli hubaki na sehemu zinazohitajiwa na kazi yake na mahali ilipo, na nyingine hazikui au huondolewa kabisa. Kloroplasti kazi yake ni kunasa mwanga wa jua na kuutumia kutengeneza sukari kutokana na maji na hewa ya kaboni dayoksaidi. Kitunguu tunachokikata jikoni ni sehemu ya chini ya majani, imevimba kwa akiba ya chakula na hukua bila kupata mwanga wa kutosha. Huko gizani kloroplasti haina kazi. Ukichukua majani ya kitunguu hicho hicho yaliyo juu ya ardhi, utaikuta rangi ya kijani tele.

Ukitaka kuwaonyesha jambo hili bila hadubini, chukua viazi mviringo viwili kutoka gunia moja, kimoja ukiweke kabatini na kingine dirishani kwenye jua. Baada ya siku kadhaa kile cha dirishani kitaanza kuwa na kijani kwenye ngozi, kwa sababu vichembe vilivyokuwa vikihifadhi wanga hugeuka kuwa kloroplasti vinapopata mwanga. (Kiazi hicho kisipikwe tena, kwa kuwa kadiri kinavyopata kijani ndivyo sumu yake ya asili inavyoongezeka.) Kisha kwangua nyama ya ndani ya tunda bichi la matoke, uipake kwenye slaidi na kuidondoshea iodini. Utaona chembe za wanga, nyingi zikiwa na umbo la mviringo mrefu, zikigeuka rangi ya buluu iliyoiva hadi nyeusi. Kitunguu hakihifadhi chakula chake kwa njia ya wanga, na ndiyo maana iodini haikukupa buluu ile. Ilikitia tu kiini rangi ya manjano iliyoelekea kahawia. Kwa hiyo iodini haikuficha kitu. Iliwaonyesha kiini, na hiyo ndiyo kazi mliyoitia.

Mitokondria zimo katika kitunguu, lakini hadubini ya shule haiwezi kuzitenga vizuri. Hadubini ya mwanga, hata iliyo bora, hufikia kikomo karibu na mikromita 0.2 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na mitokondria ina upana wa mikromita 0.5 hadi 1 hivi, tena haina rangi. Ribosomu, vichembe vinavyotengeneza protini, ni ndogo zaidi, karibu mikromita 0.02 hadi 0.03, na hizo hazikuonekana mpaka ilipopatikana hadubini ya elektroni katika karne ya 20. Waambie wanafunzi waziwazi kwamba baadhi ya sehemu walizonakili hawataziona katika maabara yao, na kwamba zinajulikana kwa sababu watu wengine waliziona kwa vyombo vyenye nguvu zaidi.

Utando wa seli nao ni mwembamba mno, lakini kuna njia ya kuuthibitisha. Tafuta kitunguu chekundu. Bandua ngozi yake ya nje yenye rangi ya zambarau, uiweke katika maji ya kawaida, na kila seli itaonekana imejaa zambarau kutoka ukuta hadi ukuta. Rangi hiyo imo ndani ya vakuoli. Sasa dondoshea maji ya chumvi upande mmoja wa kioo cha kufunikia, na upande wa pili uguse kwa karatasi inayonyonya maji ili chumvi ivutwe ipite chini ya kioo. Endelea kuangalia. Baada ya dakika chache zambarau itaanza kujikusanya, itabanduka pembeni na kuacha nafasi tupu kati yake na ukuta, kwa sababu maji yametoka ndani ya seli kuelekea kwenye chumvi. Mpaka wa ile zambarau iliyonywea unakuonyesha utando ulipo, na ule mstatili uliobaki umesimama palepale ndio ukuta. Kwa zoezi hilo moja watoto wanaona vitu viwili ambavyo ubaoni huwa ni mistari miwili iliyobanana, na wanaona pia tofauti ya kazi zake: ukuta unashikilia umbo, utando unaamua nini kipite.

Ndugu yangu wa Jinja, naielewa hofu yako ya alama, lakini mwanafunzi anayejua kwa nini kitunguu hakina kloroplasti hashindwi kuichora katika seli ya jani. Yule aliyekariri mchoro peke yake ndiye atakayekwama akiulizwa kuhusu seli ya mzizi.

Mtaalamu wa Maabara, Mbale

Nimesoma majibu haya yote, na kwa heshima naomba kusahihisha jambo moja. Seli nyekundu za damu si mabaki ya seli zilizokufa. Mimi huziangalia kila siku ya kazi, na zina utando ulio hai unaopitisha vitu kwa mpangilio, zinavunja sukari kupata nishati, na huishi katika mzunguko wa damu kwa siku 120 hivi kabla ya wengu na ini kuziondoa.

Ni kweli kwamba hazina kiini, ila zilikuwa nacho. Seli hii huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa ikiwa na kiini kamili, na kwa kutumia maelekezo ya DNA iliyomo humo inatengeneza himoglobini kwa wingi, ile protini inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu wake. Inapokaribia kukomaa, inakitoa kiini chake nje na kupoteza mitokondria zake pia. Nafasi inayobaki hujaa himoglobini, na seli yenyewe hupata umbo la kisahani kilichobonyea katikati pande zote mbili, chenye upana wa mikromita 7 hadi 8, kinachoweza kujikunja na kupita katika mishipa myembamba kuliko upana wake. Gharama yake ni kwamba haiwezi tena kugawanyika wala kutengeneza protini mpya, na ndiyo sababu maisha yake ni mafupi na uboho haupumziki.

Hapo ndipo lilipo jibu la yule mwanafunzi mwenye mdogo anayeugua, na ningependa apewe jibu hili kwa uangalifu. Anaweza kujiuliza ugonjwa wa kurithi unaingiaje katika seli isiyo na DNA. Unaingia mapema, uboho unapoitengeneza seli: maelekezo yaliyorithiwa kutoka kwa baba na mama yana badiliko dogo, na himoglobini inayotokana nayo inatofautiana na ya kawaida mahali pamoja tu katika mnyororo wake. Himoglobini hiyo inapoachia oksijeni hushikana na kuwa kama nyuzi ndefu, nyuzi hizo husukuma utando, na seli hupinda kama mundu. Seli zilizopinda hukwama katika mishipa midogo na kuleta yale maumivu makali, na nyingi hudumu siku 10 hadi 20 tu badala ya 120. Kwa hiyo mtoto huyo hana damu chafu wala hajarogwa, na darasani ni mahali pazuri pa kulisema hilo.

Mwalimu, ukiweza kupata damu ya kuku pale anapochinjwa, tone moja likisambazwa jembamba sana kwenye slaidi na kutiwa rangi litaonyesha seli nyekundu za mviringo mrefu, kila moja ikiwa na kiini katikati, kwa kuwa ndege hawavitoi viini vyao kama sisi. Usiwachome wanafunzi vidole kwa ajili ya zoezi hili.

Nina jambo moja la kuongeza kutoka kwenye benchi langu. Tunapotafuta malaria tunatengeneza tabaka mbili za damu kwenye slaidi, moja nyembamba na moja nene. Ile nyembamba tunaigandisha kwa methanoli ili seli zibaki nzima. Ile nene hatuitendei hivyo, na maji yaliyomo katika rangi yanapoigusa, seli nyekundu zinavimba na kupasuka, na vimelea hubaki wazi. Zinapasuka kwa sababu hazina ukuta. Kitunguu cha Mwalimu kinakaa ndani ya maji matupu na hakipasuki kwa sababu ukuta wake wa selulosi unazuia uvimbe. Katika tabaka nyembamba, kimelea kichanga cha malaria huonekana kama pete ndogo ya buluu yenye kito chekundu kando. Wanagenzi wanaokuja kwetu mara nyingi hudhani kile kito ni kiini cha seli nyekundu. Ni kiini cha kimelea, ambacho nacho ni seli kamili iliyojificha ndani ya seli nyingine.

Afisa Ugani, Bushenyi

Asanteni kwa mjadala huu. Naomba kuongeza kundi ambalo halijatajwa, kwa sababu ubao wa Mwalimu ulikuwa na mimea na wanyama peke yao, na mkulima wa huku kwetu anahangaishwa zaidi na seli za aina nyingine.

Mnyauko wa migomba uliotambuliwa nchini Uganda mwaka 2001, ambao Waganda huuita kiwotoka, husababishwa na bakteria. Ukikata shina la mgomba ulioambukizwa, baada ya dakika chache hutoka ute wa manjano hafifu, na ute huo umejaa bakteria wasiohesabika. Kila mmoja wao ni seli nzima inayojitegemea, lakini hana kiini: DNA yake imejikunja katika sitoplazimu bila utando wa kuizunguka. Hana mitokondria, hana kloroplasti, na ukubwa wake ni mikromita moja au mbili tu. Ana ribosomu za kutengenezea protini, ana utando, na ana ukuta, ila ukuta huo si wa selulosi kama wa mgomba anaoushambulia. Wataalamu huziita seli za namna hii prokarioti, na zile zenye kiini huitwa yukarioti.

Tofauti ya ukuta ina maana kubwa nje ya darasa. Penisilini huwaua bakteria wengi kwa kuzuia ujenzi wa ukuta wao. Seli zetu hazina ukuta, kwa hiyo haziguswi, na kimelea cha malaria hakina ukuta wa aina hiyo, kwa hiyo penisilini haimtibu mgonjwa wa malaria hata akimeza vidonge vingapi. Wanafunzi wasidhani pia kwamba kila kiumbe chenye seli moja ni bakteria. Kimelea cha malale, ambacho Aldo Castellani alikiona katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa kule Entebbe mwanzoni mwa karne iliyopita, ni seli moja tu, lakini kina kiini, kina mitokondria moja ndefu, na kina mjeledi wa kuogelea.

Mwalimu wa Mazoezi, Kasese

Nawashukuru sana, na nimeyanakili majibu yenu yote. Limenijia swali jingine wakati nikisoma. Kama mitokondria ndiyo inayotoa nishati ya seli, na seli nyekundu imezipoteza, na bakteria hajawahi kuwa nazo, nishati yao inatoka wapi? Natabiri kwamba nitaulizwa.

Mtaalamu wa Maabara, Mbale

Utaulizwa bila shaka. Kuvunja sukari huanzia katika sitoplazimu, si ndani ya mitokondria, na hatua hizo za mwanzo hazihitaji oksijeni. Zinatoa nishati kidogo, na seli nyekundu inatosheka nayo. Kuna faida ndani yake: inabeba oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye misuli bila kuitumia yenyewe njiani. Seli ya msuli wa moyo, ambayo haipumziki usiku wala mchana, haiwezi kuishi kwa kiasi hicho, na ndiyo maana mitokondria hujaza takriban thuluthi ya nafasi yake. Bakteria wengi hutumia oksijeni vizuri kabisa, na kazi ambayo kwetu hufanywa ndani ya mitokondria, wao huifanya kwenye utando unaozunguka sitoplazimu yao. Kwa hiyo usiandike ubaoni kwamba bakteria hawawezi kupata nishati kwa oksijeni kwa sababu hawana mitokondria.

Mdau wa Jinja

Nakubali nilikosea kuhusu seli nyekundu, na namshukuru ndugu wa Mbale kwa kunisahihisha kwa upole. Niliambiwa hivyo nikiwa shuleni, na sikuwahi kuuliza.

Mwalimu wa Mazoezi, Kasese

Narudi na taarifa. Jumatatu nilianza kwa kuwaambia wanafunzi kwamba jibu langu la iodini lilikuwa na kosa, na nikamtaja yule msichana kuwa ndiye aliyelifichua. Kitunguu chekundu sikukipata kwa wakati, kwa hiyo nilichuma kando ya uzio gugu lenye maua ya buluu ambalo kitaalamu huitwa Commelina na Waganda huliita nnanda, nikabandua ngozi ya chini ya jani lake na kuiweka katika tone la maji.

Yeye ndiye aliyetangulia kuangalia. Alisema anaona seli kubwa zisizo na rangi zilizopangana kama mawe ya sakafu, na katikati yake jozi za seli ndogo zilizokabiliana kama midomo miwili, na kijani kimo ndani ya hizo ndogo peke yake. Alichora jozi moja, akatia vidoadoa ndani yake, na seli za jirani akaziacha tupu. Hizo zilikuwa seli linzi za stomata, vile vitundu vya jani vinavyopitisha hewa, nami sikumwambia jina lake mpaka alipomaliza kuchora. Kisha darasa likabishana kwa nusu saa kwa nini jani la kijani lina ngozi isiyo na kijani, mpaka mmoja akabandua kipande kinene kwa bahati mbaya na wakaona seli za tabaka la ndani zimejaa chembe za kijani hadi mwanga ulipita kwa shida.

Kitunguu chekundu nimeahidiwa kesho kutoka sokoni. Mwalimu wa Gulu, chumvi niweke kiasi gani?

Mwalimu wa Gulu

Kijiko kimoja cha chai katika nusu glasi ya maji kinatosha. Wakisha kuiona zambarau imenywea, usiharakishe kuosha slaidi. Vuta maji matupu chini ya kioo kwa karatasi kama ulivyovuta chumvi, na kama hamkuchelewa sana, seli zitayanywa maji hayo na zambarau itarudi polepole mpaka iguse ukuta. Mpe yule msichana nafasi ya kwanza tena.